Hofu ya Shimo Haiko Uongo: Walinzi wa Ubongo na Kumbukumbu ya Hatari

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati wa baridi yetu, mbele ya kaji ya kushuka shimoni. Ekipe yote ilikuwa imeshaingia, mtu mmoja tu alibaki inje. Kaske kichwani, taa inawaka, boti zimefungwa. Mkono wake wa kushoto ulishika chuma ya mlango na haukuachilia. Kapita alimuita mara ya kwanza, mara ya pili. Yeye alitazama bamba la chini, jasho likamutoka kama mtu anayesukuma gari, na ile asubuhi sisi wengine tulikuwa tunapuliza vidole juu ya baridi. Watu wakaanza kucheka. Na mimi nilikuwa ndani ya ile kaji. Nilicheka pia.

Ninaanza na hii kwa sababu wasomaji wengi wa ukurasa huu wamesimama upande mmoja ao mwingine wa mlango kama ule.

Ndugu huyu ni mtu wa baruti. Tuliingia kazini mwaka mmoja, mimi na yeye, na hakuna mtu mu ekipe yetu aliyemujua kama muoga. Miezi mitatu mbele ya ile asubuhi, paa la galeri lilianguka nyuma yake na kumufunika mwenzake waliyeshuka naye. Yeye alitoka muzima. Hata mukwaruzo hakuwa nao, na njo ilikuwa shida yake: hakuna kidonda, hakuna karatasi ya asidenti. Alipewa siku za kilio, kisha akarudi kazini. Wiki za kwanza alishuka kama kawaida. Kisha usingizi ukakatika. Bibi yake aliniambia baadaye kwamba alikuwaka anaamka usiku wa manane, anachukua fimbo, anagonga dari ya chumba chao na kusikiliza, sawa vile sisi tunagongaka paa la galeri na baramina mbele ya kuingia. Watoto walizani baba anafukuza panya.

Mu biro walimupulizisha kwanza ile mashini ya pombe. Ikaonyesha sifuri. Basi wakaandika: kukataa kazi. Mimi delege wa sendika nilikaa pembeni yake, na mukubwa mmoja akasema, bila hata kukasirika: "Ile ni bongo tu." Mu Kiswahili chetu cha Katanga, kama munavyojua, neno bongo lina maana mbili: ni uongo, na ni ule ubongo wa mu kichwa. Mukubwa alitaka kusema uongo. Alisema kweli bila kujua.

Mu mtaa haikuwa vizuri zaidi. Mama mukwe wake alisema marehemu anamuvuta. Watu wa maombi walisema ni pepo, wakamufungisha siku tatu. Jirani mmoja alimuletea chupa ya lutuku, eti itamutoa boga. Kila mtu alikuwa na jina la kumupa ile hofu, isipokuwa mimi delege wake, ambaye sikuwa na neno hata moja la kuweka juu ya ile meza.

Neno nililipata baadaye, ku mafunzo ya afya na usalama wa kazi. Munganga aliyetufundisha alichora kitu kama buibui ku ubao na kusema: "Huyu anakaa mu kichwa cha kila mutu hapa." Tukacheka (sisi tunachekaka sana, ni ugonjwa wetu). Toka ile siku nimesoma niliyoweza kusoma, na binti yangu anayesomea kazi ya uuguzi amenisaidia ku maneno magumu. Mimi si munganga, nilimaliza sekondari tu. Lakini ninayoandika hapa nimeyauliza mara mbili.

BUIBUI MWENYE KULINDA

Mwili una askari wake. Sisi watu wa vumbi tunawajua hata kama hatujui jina lao. Vumbi la mawe likiingia ku mapafu, kuko seli zinazokuja kulimeza. Lakini vumbi la silika halimezeki. Seli inakufa nalo, nyingine inakuja kumeza lile lile, nayo inakufa, na mahali pale mapafu yanaota kovu. Njo silikozi. Wazee wetu wengi hawakuuawa na vumbi peke yake. Waliuawa pia na askari wao wenyewe waliopigana vita isiyoisha.

Ubongo nao una askari wake. Wanaitwa mikroglia. Mwaka 1919, Muhispania mmoja, Pío del Río Hortega, aliwaonyesha wazi kama aina ya seli peke yao. Alipaka vipande vyembamba vya ubongo dawa yenye madini ya fedha, na mu darubini akaona miili midogo yenye mikono mingi, kila mkono na matawi yake. Wanakadiriwa kuwa karibu sehemu moja ya kumi ya seli zote za ubongo. Na hawafanani na askari wa damu wanaokuja na kwenda. Mu 2010 watafiti walionyesha, kwa panya, kwamba mikroglia wanaingia ku ubongo wakati mimba ingali changa kabisa, kisha wanabaki humo na kuzaana humo humo. Ni wenyeji.

Muda mrefu wanganga walizani kwamba askari hawa wanalala mpaka ugonjwa ufike. Mu 2005 makundi mawili ya watafiti yalitazama ubongo wa panya aliye hai, kupitia mufupa wa fuvu uliokwaruzwa mpaka ukawa mwembamba. Wakaona kwamba askari hawalali. Mwili wa seli unabaki mahali pake, lakini mikono haitulii: inajinyoosha, inagusa, inarudi, inagusa pengine. Na wakati walipochoma mahali padogo kwa mwanga mukali, mikono ya jirani yote iligeuka kwenda huko mu dakika chache. Sentineli wa ku barieri yetu hafanye kazi vile, lakini tuache.

Wanagusa nini? Wanagusa, kati ya vitu vingine, viungo vya seli za neva. Seli za neva zinapeana habari mahali zinapokutana, na mahali pale panaitwa sinapsi. Ukijifunza kitu, viungo fulani vinakazwa, vingine vinalegea, vingine vipya vinaota. Kumbukumbu ya uso wa mama yako, ya njia ya kwenda kazini, ya sauti ya sirene, yote inashikwa na viungo hivi. Na mu 2011 na 2012 watafiti walikuta, mu ubongo wa panya wadogo wanaokua, vipande vya sinapsi ndani ya tumbo la mikroglia. Askari alikuwa anakula viungo visivyofanya kazi sana, kama mama anayengoa mihindi iliyosongamana ili ile inayobaki ikomae.

Kumbe askari huyu anafanya kazi mbili: anapigana na ugonjwa, na anapalilia shamba la kumbukumbu.

PANYA NDANI YA SANDUKU

Sasa tuje ku hofu. Wataalamu wanaisoma kwa njia ambayo ni ngumu kuipenda. Wanatia panya mu sanduku, wanapitisha umeme kidogo ku miguu yake. Kesho yake wanamurudisha mu sanduku lile lile bila umeme. Panya anaganda. Hatembei, hanuse, anapumua tu. Niliposoma neno lile, kuganda, niliona mara moja mkono ulioshika chuma ya kaji.

Ndani ya kichwa, kazi kubwa ya kufunga hatari pamoja na alama yake inafanywa na amigdala, fungu dogo la seli, moja kila upande, ndani ndani mu usawa wa masikio. Jirani yake, hipokampi, inaweka mahali: ni sanduku lile, ni galeri ile, ni harufu ile ya maji na mafuta. Mara moja ao mbili inatosha. Na hii si ujinga wa mnyama. Mnyama anayehitaji kufundishwa mara kumi kwamba nyoka anauma, hafiki mara ya tatu. Sisi wenyewe tunawafundishaka vijana wapya: mawe madogo yakianza kuanguka, usiulize mtu, kimbia. Kumbukumbu ya hofu njo kaske ya kwanza Mungu aliyotupa. Shida inakuja wakati hatari imepita na kaske haivuliki.

Mu 2020, watafiti wa chuo kikuu cha Zhejiang, kule China, walitoa mu gazeti la Science kazi iliyonifanya nisome mara tatu. Kwa kawaida, panya aliyepigwa na umeme anaanza kusahau kidogo kidogo. Siku zinapita, anaganda kidogo kuliko mbele. Wao waliwapa panya wengine dawa inayoondoa mikroglia. Wale hawakusahau vile. Waliendelea kuganda wakati wenzao walikuwa wameshaanza kutembea. Watafiti walitia pia alama ku seli za hipokampi zilizobeba kumbukumbu ile, na walikuta kwamba mikroglia wanameza viungo vyake, wakiongozwa na alama ya protini inayosema "hiki kiondolewe". Walipozuia ile alama ku seli za kumbukumbu, kusahau kulipungua.

Yaani kusahau si kitu kinachotokea tu chenyewe kama rangi inayofifia ku ukuta. Kuko mtu anayefagia.

Sasa mtu atasema: basi, tuwaongeze hawa wafagiaji, tumalize. Haiko rahisi hivyo. Miaka saba mbele ya kazi ile, mu 2013, watafiti wa New York walikuwa wameshaondoa mikroglia ku panya na kukuta kwamba panya wale wanajifunza vibaya, hata somo la hofu lenyewe. Mikroglia hutoa protini inayosaidia viungo vipya kuota wakati wa kujifunza. Ukiwaondoa mbele ya somo, somo halishiki vizuri. Ukiwaondoa kisha somo, halifutiki vizuri. Askari mmoja, anasaidia kuandika na anasaidia kufuta. Mafundi wa mashini watanielewa: sehemu moja inaweza kuwa na kazi mbili zisizofanana, na kuitoa hakuponyeshe kitu.

SIKU SITA, KISHA SIKU MOJA

Hofu ya ghafula ni jambo moja. Jambo lingine ni lile linalokuja kila siku: kapita anayetukana, deni, posti za usiku zinazofuatana, mtoto mugonjwa nyumbani wakati uko mita mia tano chini. Hii tunaiita mawazo. "Eko na mawazo," tunasema, na tunapita.

Ku chuo kikuu cha jimbo la Ohio, Marekani, watafiti wamefanya kazi miaka mingi juu ya mawazo ya panya. Wanachukua panya wanaokaa pamoja kwa amani, wanaingiza ndani yao panya mmoja mukubwa, mukali, kwa saa mbili. Anawapiga, anawatawala, kisha anatolewa. Kesho tena. Siku sita. Mu ubongo wa panya wale, sehemu za hofu zinawaka, na mikroglia wanabadilika: wanaanza kutoa alama za vita, zile zile ambazo mwili unatumia wakati wa homa. Alama zile zinaita askari wa inje. Uboho wa mifupa unatoa seli nyeupe za damu, seli zinafika mpaka ku mishipa ya ubongo, na zile nazo zinatoa alama zaidi. Panya wanakaa pembeni, wanaogopa mahali peupe, hawasogelee wengine. Hakuna aliyeingiza mikrobe yoyote mu mwili wao. Ni matusi na kipigo tu, na mwili umejibu kama vile kuko ugonjwa.

Kisha wanawaacha. Wiki tatu na siku kadhaa, na panya wanaonekana kupona. Wanatembea, wanakula, wanacheza. Halafu yule mukali anarudishwa, mara moja tu. Panya ambao hawakuonja zile siku sita za kwanza hawashituke sana na ile mara moja. Lakini wale wa zamani wanaanguka tena mu hofu yote, kama vile haikuisha. Watafiti walitafuta wapi ile hesabu ya zamani ilikuwa imefichwa, na sehemu moja waliikuta ku bandama: askari wa damu walikuwa wamebaki pale, wakingojea kuitwa. Panya waliotolewa bandama hawakuanguka tena vile.

Niliposoma hii nilifunga kitabu kidogo nikatembea mpaka ku barabara. Wangapi kati yetu tumewaambia wenzetu "ulikuwa umeshapona, sasa nini tena"? Tairi ya lori ilipasuka siku moja mbele ya soko, na mtu wa baruti alikuwa chini ya meza ya mama muuza samaki mbele sisi hatujageuza kichwa. Watu wa soko walizani anacheza.

Kuna na usingizi. Sendika yetu inabishana kila mwaka juu ya posti za usiku, na kila mwaka tunazungumza feza tu: ongezeko ngapi kwa usiku mmoja. Panya walionyimwa usingizi siku kadhaa mfululizo walionyesha, mu kazi ya 2017, mikroglia walioamshwa kama kwa vita. Na mu 2019 makundi mawili yalionyesha kwamba panya akiwa macho, kemikali ya kukesha inayoitwa noradrenalini inaikunja mikono ya mikroglia, na akilazwa na dawa ya usingizi, mikono inajinyoosha zaidi. Sitaki kusema zaidi ya walivyosema wao. Lakini kama usingizi njo wakati walinzi wanatembea vizuri, basi usiku uliouzwa una bei nyingine ambayo haiko ku karatasi ya mushahara.

WATU SI PANYA

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu najua nitaulizwa ku mukutano. Haya yote ni panya. Hakuna mtu atakayefungua kichwa cha mchimbaji aliye hai ili kuhesabu mikroglia wake.

Kuko mashini za picha zinazojaribu. Watafiti wa Yale, Marekani, walitoa mu 2020 matokeo ya watu wenye ugonjwa wa hofu unaofuata tukio la kutisha. Waliwatia dawa inayoshika ku alama moja inayopatikana sana ku mikroglia, kisha wakapiga picha. Kama ningeulizwa mbele, ningesema alama itakuwa nyingi, moto mukubwa. Ilikuwa kinyume: alama ilikuwa chini kuliko ya watu wazima, na wenye dalili kali zaidi walikuwa na alama chini zaidi. Labda walinzi wao wamechoka. Labda ile alama haihesabu kile tunachozani inahesabu. Wataalamu wanaendelea kubishana, na ni vizuri wabishane. Kitu kimoja kinabaki: ku watu pia, hofu isiyoisha inaonekana mu mwili, mu picha, na si tabia mbaya.

Kwa hiyo, wamama na wababa, musiende kununua antibiotiki ao dawa ya kuvimba ku kiosiki eti "ni ya walinzi wa ubongo". Hakuna leo dawa iliyokubaliwa kwa watu inayotibu hofu hii kwa kugusa mikroglia. Na juu ya vile vidonge vya kulala vya familia ya Valium vinavyouzwa kimoja kimoja ku soko: Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilishauri mu 2013 kwamba mtu muzima asipewe vidonge vya namna ile kwa kutuliza mushituko mu mwezi wa kwanza kisha tukio la kutisha. Lutuku nayo haifute kitu. Inamulaza mtu saa chache, na saa tisa ya usiku anaamka na dari yake.

Kinachosaidia ku watu kinajulikana zaidi kuliko mikroglia wenyewe. Ni mazungumzo na mtu aliyefundishwa kazi ile, wiki kwa wiki, ambamo mtu anarudi kidogo kidogo ku kumbukumbu yake na ku mahali pake, akiwa salama, mpaka mwili ujifunze upya. Wataalamu wanasema somo hili jipya halifute la zamani, linakaa juu yake. Njo maana hofu inaweza kurudi mahali pengine ao kisha muda. Ikirudi, haimaanishi mtu alidanganya kwamba amepona.

Wachimbaji wa Chile tuliwaona wote ku televisheni. Tarehe 5 Agosti 2010 shimo la San José lilianguka, watu 33 wakabaki karibu mita 700 chini, na walitolewa tarehe 13 Oktoba kisha siku 69. Dunia ilipiga makofi. Kamera zilipoondoka, baadhi yao walisema hadharani juu ya usiku bila usingizi, ndoto za shimo, pombe, kazi iliyowashinda. Wale ni watu 33 ambao dunia nzima iliwajua kwa majina. Mu mwezi wa sita wa 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliporomoka na kuua wachimbaji wa mikono zaidi ya 40. Waliokuwa wamesimama mita kumi kutoka pale, nani aliwauliza kama wanalala?

Wao hawana kapita wala karatasi ya mushahara. Wana koperative wakati mwingine, na wana wake zao. Ninaandika na kwa ajili yao, kwa sababu mara nyingi bibi njo wa kwanza kuona: bwana hapendi tena kukaa na mugongo ku mlango, anapiga watoto kwa sauti ndogo ya sahani iliyoanguka, hasemi jina la mwenzake aliyekufa. Mama, hii si lazima iwe bibi mwingine, na si lazima iwe bulozi. Mwezi mmoja ukipita na haipunguke, mupelekeni ku lopitali, na museme wazi ku munganga: aliona mtu akifa. Bila ile sentensi munganga atampima malaria, atamupa dawa ya malaria, na mutarudi nyumbani.

KARATASI

Sasa ile meza ya biro. Shirika la Kazi la Kimataifa, OIT, lina orodha ya magonjwa yanayotoka ku kazi. Toleo lililosahihishwa mu 2010 liliingiza magonjwa ya akili na mwenendo, na la kwanza lililotajwa ni huu ugonjwa unaofuata tukio la kutisha. Orodha ile si sheria ya inchi yetu, na mukubwa wa biro alinikumbusha haraka sana. Nilimujibu kwamba silikozi nayo iliuliza miaka mingi mbele watu wa biro waiamini, na mbele ya pale mapafu ya baba zetu yaliitwa kifua cha sigara.

Tuliuliza vitu vitatu tu. Kwamba kila mtu aliyekuwa mu galeri siku ya asidenti aandikwe mu ripoti, si aliyetoka na damu peke yake. Kwamba ekipe ile isirudishwe mu posti ya usiku wiki zinazofuata. Na kwamba mtu asiyeweza kuingia mu kaji apelekwe kwa munganga mbele ya kupelekwa kwa mukubwa wa wafanyakazi. La kwanza walikataa. La pili walisema watalisoma. La tatu walikubali kwa mdomo, na kwa ndugu wa baruti lilifanyika.

Alifanya wiki sita juu, mu nyumba ya taa, anapokea na kugawa taa. Munganga alimupangia: wiki moja kusimama tu karibu na kaji wakati inapanda. Kisha kuingia, mlango wazi. Kisha mlango umefungwa, bila kushuka. Kisha ku kiwango cha kwanza na kurudi. Mimi nilimusindikiza mara nne. Mara ya kwanza mlango ulipofungwa, alinishika mkono ku kiwiko na kuniambia: "Delege, mi siko naogopa. Mwili yangu njo inaogopa. Mi niko naiangalia tu." Nilimuuliza kama anataka watufungulie. Akasema ngoja kwanza. Tulisimama pale labda dakika tatu, kaji haitembei, na hakuna aliyecheka kwa sababu niliwaambia watu mbele ya pale mambo ya panya na sanduku. Mmoja wao, mzee wa ekipe, mtu wa maneno machache, alikuja kwangu jioni na kuuliza kama walinzi wale wanazeeka. Nikamuuliza kwa nini. Akasema yeye anagonga dari yake toka miaka kumi na tisa.

Leo ndugu wa baruti anashuka mpaka ku kiwango cha tatu. Galeri ile hajaingia, na kapita hamulazimishe. Bibi yake anasema fimbo ingali pembeni ya kitanda, lakini sasa ina vumbi. Ile karatasi ya kukataa kazi ingali mu dosie yake, haijaondolewa, na ile ya asidenti haijaandikwa bado. Tuna mukutano na biro siku ya kumi na ine ya mwezi. Wajumbe wa mashimo mengine walio na watu wa namna hii waje na majina na tarehe, na waje na mzee kama yule, kama atakubali kusema.